Ukipangiwa Zamu Siku ya Sikukuu

Ratiba ya zamu ikishabandikwa ukutani, ombi lako limeshageuka malalamiko. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na hakuna mtoto anayesubiri sikukuu ipite ndipo azaliwe, kwa hiyo lazima kuna mtu atakayeingia. Mwendee msimamizi kabla hajaanza kupanga. Usiende na "naomba sikukuu", hilo anaambiwa na kila mtu. Mpe kitu cha kujazia nafasi zake: "Nitaingia usiku wa Krismasi, naomba mchana wake," au "Nipangie mwaka mpya, Krismasi niachie." Mimi humwandikia kwenye karatasi, kwa sababu maneno ya kwenye korido husahaulika.

Ila kabla hujaomba chochote, anzia nyumbani. Sikukuu ni siku nzima, lakini ukiichunguza ina saa mbili tatu tu ambazo usipokuwepo watu wataumia. Waulize ni zipi. Kwa wanangu ni asubuhi wanapoamka. Kwa mama mkwe ni mlo wa mchana, wote tukiwa mezani. Mawifi zangu hawana neno, hata jioni wakinikuta nimesinzia kwenye kiti watanicheka tu. Nilipojua hayo niliacha kupigania siku nzima. Zamu ninayoomba sasa ni ya usiku wa sikukuu yenyewe, si ya mkesha. Watoto nawapata, mezani nakaa, na ninaondoka watu wameshashiba.

Mama mkwe mwambie mwenyewe, mapema, usimtume mume. Mtaje saa: nitafika saa saba, saa kumi nitawaaga. Ukisema "nitajitahidi kufika" utawafanya wakungoje na chakula kipoe, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Krismasi haimshtui mtu, ni 25 Desemba kila mwaka. Idd ndiyo inayotaka akili, maana hurudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, na mwezi unaweza kuandama leo au kesho. Mwenzangu mmoja Mwislamu tumepatana hivi: mwezi ukiandama, mimi naingia kesho yake na yeye keshokutwa, usipoandama, tunageuza. Mchana wa Krismasi ananishikia yeye. Makubaliano haya msimamizi anayajua tangu mwanzo. Kubadilishana zamu kimyakimya ni hatari, kwa sababu likitokea la kutokea, anayetafutwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye ratiba.

Sasa usingizi, ambao watu huudharau mpaka uwaangushe. Watafiti wa Australia mwaka 1997 walionyesha kuwa mtu aliye macho kwa saa 17 mfululizo, uwezo wake wa kuratibu macho na mikono hushuka sawa na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Piga hesabu: umeamka na watoto saa kumi na mbili asubuhi, ukashinda kwenye shangwe, ukaingia zamu saa mbili usiku. Saa tano usiku umeshafika hapo, na zamu bado ndefu. Ndiyo maana saa kumi natoka mezani naenda kulala walau saa moja na nusu, chumba giza, simu nje. Wageni watasema unaringa. Waache waseme.

Kama umepata zamu ya mkesha, kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa saba usiku, kwa kuwa saa tano hivi baadaye karibu nusu yake huwa bado mwilini, nawe asubuhi utataka kulala. Ukitoka, usiendeshe gari ukiwa unapiga miayo. Omba mtu aje akuchukue. Ukifika nyumbani lala kwanza, kisha ndipo usherehekee.

Ikishindikana kabisa, hamisha sherehe. Watoto wadogo hawasomi kalenda. Wakubwa wanasoma, na watanuna. Wape wachague wenyewe siku nyingine, na hiyo usiiuze kwa zamu yoyote. Kule kazini nako, mgawane dakika za kupiga simu nyumbani kwa zamu, wodi isibaki tupu.

Kuhusu malipo, soma mkataba wako. Kwingine kazi ya sikukuu hulipwa zaidi, kwingine hupewa siku ya mapumziko badala yake. Ukipewa siku, iandikishe kwenye ratiba ya mwezi unaofuata kabla mwezi haujaanza, na uweke nakala ya ratiba iliyoonyesha uliingia, kwa maana msimamizi akihamishwa, anayekuja hatajua kuwa unadai.