Kabla hujashusha nguo kabatini

Ushauri mwingi wa kupunguza nguo unaozunguka mitandaoni umetoka nchi za baridi. Unaambiwa utenganishe makoti mazito na nguo za jua, uyafunge sandukuni mpaka msimu wake urudi. Mtu wa Tabata au Mbagala, hapa Dar es Salaam, hana koti zito la kufunga. Kabati lake limejazwa na sare za sherehe za watu, nguo za kupewa na ndugu, na mitumba iliyonunuliwa kwa sababu bei ilikuwa ndogo mno kuiacha. Sehemu kubwa ya vilivyomo hakuvichagua mwenyewe. Ndiyo maana watu wengi wana nguo hadi milango haifungi, na asubuhi bado wanasema hawana cha kuvaa.

Kazi ya kwanza basi ni kujua ni zipi ulizozichagua wewe, na hiyo inataka maandalizi kidogo kabla ya kumwaga kila kitu kitandani.

Anza na kalenda. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si wakati wake: nguo haikauki vizuri, unairudisha kabatini na unyevu, na baada ya siku chache inanuka ukungu. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Mvua ni haba, joto limepungua, na ukipima gauni baada ya gauni huloi jasho ukaanza kulichukia gauni kwa kosa lisilo lake. Isitoshe, masika yaliyopita yameshakufanyia uchunguzi: utaona koti lililoota unga mweupe mabegani na blauzi yenye vidoa vyeusi ambavyo sabuni haiviwezi. Chagua siku yenye maji, uanze asubuhi karibu na dirisha, kwa sababu chini ya taa ya usiku bluu iliyoiva na nyeusi ni ndugu mapacha. Jumamosi iachie harusi.

Siku chache kabla, kusanya zilizotawanyika. Zipo kwa fundi tangu Pasaka, zipo kwa dobi, zipo kwa mdogo wako aliyeazima "mara moja tu", na zipo ndani ya lile begi la shangazi kaja chini ya kitanda. Kisha fua zote chafu. Nguo chafu haihukumiki. Shati zuri lenye kola nyeusi linaonekana takataka, na la hovyo likipigwa pasi linaonekana la maana kuliko lilivyo.

Halafu chukua karatasi uandike wiki yako ilivyo kweli. Siku ngapi unakwenda kazini, siku ngapi unashinda nyumbani na dera au pensi, ibada ni lini, mtoko unaupata mara ngapi. Andika na usafiri, maana Dar usafiri ndio unaoamua mavazi kuliko hata bosi. Anayepanda basi la mwendokasi kutoka Kimara atasimama ameshika bomba la juu, kwa hiyo kila blauzi apime akiwa ameinua mkono: ikiacha tumbo wazi, haifai kwa safari hiyo hata ingekuwa nzuri namna gani. Anayetumia bodaboda ajaribu kutanua miguu ndani ya sketi yake ya kubana. Wa daladala apandishe mguu juu ya kiti cha jikoni kama anayekanyaga ngazi ya gari. Majaribio haya yanachekesha ukiyafanya chumbani, lakini yanatoa majibu ambayo kioo hakitoi.

Ukiwa mtumishi wa umma, au kazi yako inakupeleka maofisini kwa watu, kumbuka pia kwamba kuna Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa mwaka 2007 kuhusu mavazi, na michoro yake ya nguo zisizotakiwa imebandikwa kwenye milango mingi ya ofisi za serikali. Haina haja ya kulalamika. Hesabu tu una seti ngapi zinazopita kwenye mlango ule bila maelezo.

Idadi ya nguo za kubaki nazo haitoki kitabuni, inatoka kwenye ratiba ya kufua. Kama maji kwenu yanatoka kwa zamu na mnafua mara moja kwa wiki, mashati matano ya kazi ni ya kubahatisha, na kwa jasho la Februari hakuna anayerudia shati. Mwenye mashine ya kufulia na tenki anaweza kuishi na machache. Usimwige.

Sasa sare. Hapa ndipo kabati la Dar linapofia. Kitchen party ina kitenge chake, send-off ina chake, harusi ina rangi yake, bado kipaimara, mahafali na kikundi cha kina mama. Kila moja ilichaguliwa na kamati, ikashonwa haraka kwa mshono ambao ulimpendeza mwenyekiti, ikavaliwa siku moja, ikapigwa picha. Baada ya hapo haivaliki kwa sababu kila mtu anajua ni sare ya nani, na haitupiki kwa sababu mwenye sherehe ni shangazi yako.

Kabla ya kuamua, tenganisha kitambaa na kumbukumbu. Kumbukumbu iko kwenye picha. Kitambaa kipime peke yake: ni pamba au ni poliesta iliyochapwa maua ya kitenge? Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, ushike kwa koleo juu ya sinki, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kishanga kigumu. Kitenge cha pamba chenye gauni pana bado ni mali, kinatoa sketi, shati la mtoto, foronya. Mpelekee fundi kabla hujakigawa, hata yule kijana anayepita mtaani na cherehani begani akigonga mkasi, umuulize kuna kitambaa cha kutosha kufumua na kukata upya. Kilichobanwa, chenye lasi za kubandika na bitana iliyokwisha kukunjamana, mara nyingi hakina maisha ya pili. Kwa sherehe zijazo, ukiwa na sauti kwenye kamati, tetea rangi badala ya kitambaa kimoja. Rangi unaweza kuwa nayo tayari.

Kuna nguo ambazo zinaonekana hazina kazi na bado hazitoki. Doti moja ya kanga safi iliyokaa tayari kwa msiba. Kanzu na baraghashia, au baibui, ya Ijumaa na ya kuzikia. Sweta moja la ofisi yenye kiyoyozi kikali, na jingine kama Desemba huwa unapanda kwenda Lushoto, Mbeya au Njombe. Ukiligawa Juni utalinunua tena stendi kwa bei ya mwenye shida. Hizi zitoe pembeni mapema zisiingie kwenye mizani ya "mwaka huu nimeivaa?", kwa sababu mwaka mzuri ni ule ambao hukuivaa kanga ya msiba.

Viatu na mikoba vina hesabu yao. Unyevu wa pwani unavila hata vikiwa vimekaa. Soli nyingi laini za raba na moka zimetengenezwa kwa poliyurethani, ambayo huvunjwavunjwa polepole na unyevunyevu wa hewa, na kiatu kilichotunzwa miaka kwenye boksi kinaweza kuachia soli siku ya kwanza ya kukivaa, katikati ya ukumbi. Kwa hiyo usikihesabu kiatu kwa kukiangalia. Kikunje, kikanyagie, tembea nacho uani. Ngozi bandia nayo ikishaanza kubanduka magamba haina tiba. Rangi ya kupaka inaficha wiki moja.

Angalia na kwapa. Ule umanjano wa kwenye mashati meupe mara nyingi unatokana na jasho kukutana na chumvi za aluminiamu zilizo kwenye dawa nyingi za kuzuia jasho, na jiki huweza kuuzidisha badala ya kuuondoa. Nguo za poliesta zina tatizo tofauti: zinashika harufu ya jasho kuliko pamba, na ukizipiga pasi harufu inaamka. Ukiona unakwepa shati fulani bila kujua sababu, linuse likiwa na joto la pasi.

Suala la vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kabatini litazame kabla hujapanga upya, hasa nyumba yenye mtoto mchanga. Vile vya naftalini vinaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kuvunjika kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana zaidi kwenye maeneo ya malaria kama yetu. Nguo za mtoto zilizokaa navyo zisiende mwilini bila kufuliwa na kuanikwa, na kwa kweli ni heri zisikae navyo kabisa. Jua na hewa vinatosha kazi nyingi.

Zinakokwenda zinazotoka, panga kabla ya siku yenyewe, la sivyo kiroba kitakaa koridoni mpaka mtu aanze kuchomoa kimoja kimoja. Wa kwanza kufikiriwa ni walio karibu, lakini waulize. Dada wa kazi si jalala. Mpe achague, na akikataa asionekane hana shukrani. Zile za mali kwa mali, wanaopita na mabeseni na sahani wakibadilisha kwa nguo, ziweke zenye nguvu bado, ujue kabisa kwamba beseni moja litakula jinzi kadhaa. Ukitaka kuuza, piga picha mchana, weka bei ya mtumba. Bei uliyonunulia sahau.

Nguo za ndani hazigawiwi. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limepiga marufuku hata biashara ya nguo za ndani za mitumba, sasa wewe unampaje mtu? Kata za pamba ziwe matambara. Sare zenye nembo ya kampuni rudisha ofisini au ng'oa nembo. Na kama kwenye belo fulani la mitumba uliokota suruali ya mabakamabaka inayofanana na ya jeshi, usimpe mtu. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku 7 kwa raia wenye sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo kuzisalimisha. Kumgawia kijana wa watu suruali hiyo ni kumgawia kesi.

Za mume, za mke na za watoto waliokwisha kujitambua, usiziguse bila kikao.

Mtindo wako hauhitaji kutafutwa mbali. Fungua simu, pitia picha zako za mwaka mzima, uzitenge zile ulizojipenda, ambazo hukumwomba mpiga picha arudie. Tazama shingo ya nguo ni ya namna gani, urefu umefika wapi, rangi zipi zinarudiarudia karibu na uso. Hapo kuna mtindo tayari, na mara nyingi hauhusiani na ulichokuwa unakinunua.

Baada ya hapo ndipo uende kwenye mitumba ya Karume au Manzese, na si kabla. Nenda na orodha fupi na utepe wa fundi mfukoni, maana chumba cha kujaribia hakuna na namba za lebo zinadanganya: gauni namba 12 la Uingereza ni takriban namba 8 la Marekani, na kwa nchi nyingi za Ulaya litaandikwa 40. Pima nguo moja inayokukaa sawasawa, mabega, kifua, kiuno na urefu, uandike kwenye simu. Muuzaji atakwambia "hii ni saizi yako kabisa dada", naye hajakosea mara moja tangu aanze kuuza; wewe tandaza utepe.