Somo: Kuchagua programu ya masomo ambayo mwanafunzi anatunga na kujipima mwenyewe

Wenzangu, salaam aleikum. Wengi mmeniuliza natumia programu gani na wanafunzi wangu wa jioni hapa Majengo. Jina peke yake halitawafaa kama hamjui cha kuangalia ndani yake, kwa hiyo naanza na hilo.

Hatua ya 1: Andika kazi kwanza. Chukua karatasi, andika mwanafunzi wako atatengeneza nini. Mimi niliandika: kila mmoja atunge maswali 10 ya Baiolojia kwa wiki, kisha aone yapi yanamshinda. Sentensi hiyo iliniondolea programu nyingi, maana humwekea mtoto video na maswali yaliyokwisha kutungwa, yeye kazi yake kubonyeza tu.

Hatua ya 2: Chunguza inahesabu nini. Hapa ndipo tunapoponzeka. Binti mmoja wa kidato cha tatu alinionyesha simu yake: asilimia 100, mstari wa kijani mpaka mwisho. Nikamwuliza damu ikitoka mapafuni huingia chumba gani cha moyo. Kimya. Programu ile ilikuwa ikihesabu kurasa alizofungua.

Tukaanza upya na Anki, programu ya kadi za kujiuliza na kujijibu. Akachora moyo kwenye daftari, akaupiga picha, akatengeneza kadi: swali mbele, jibu nyuma. Kila anapofunua jibu, lazima aseme mwenyewe kama amekosa, amepata kwa taabu au amepata kwa urahisi. Kadi aliyoikosa humrudia baada ya dakika chache. Aliyoipata hukaa siku kadhaa, kisha wiki, kisha zaidi. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo vyake vya usahaulifu mwaka 1885, na faida ya kurudia kwa kuachanisha siku inajulikana tangu hapo. Wiki ya pili binti akaniambia, "Mwalimu, vyumba nishavijua, vali ndizo zinanisumbua." Huo ndio ufuatiliaji ninaoutaka.

Kwa darasa zima kuna Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni. Ni ya bure na ina mambo mawili ninayoyapenda. Unaweza kuweka sharti kwamba zoezi halihesabiwi limekwisha mpaka mwanafunzi apate alama uliyopanga. Pia ina faharasa ambayo wanafunzi wenyewe huandika istilahi na maana zake, nawe ukaidhinisha.

Hatua ya 3: Zima data, kisha ujaribu. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani yetu hapa Mombasa mwaka 2009, lakini mtoto wa Kisauni bado anahesabu bando la siku. AnkiDroid, ile ya simu za Android, hufanya kazi bila intaneti. Programu ya simu ya Moodle hukuruhusu kupakua somo mapema. Kolibri ndiyo iliyoundwa hasa kwa hali yetu: kompyuta ya mwalimu inakuwa seva, simu na kompyuta za wanafunzi zinaungana nayo kwa waifai ya darasani, bila bando, na mwalimu anaona nani amekwama wapi. Ila humo mwanafunzi husoma zaidi kuliko anavyotunga, kwa hiyo iendeshe pamoja na daftari.

Hatua ya 4: Toa kazi nje kabla hujaingiza nyingi. Nilipoteza maswali ya muhula mzima kwenye programu moja: muda wa bure ulikwisha, kazi za watoto zikafungiwa ndani. Iliniuma, maana walizitunga kwa jasho lao. Siku hizi natunga maswali matatu tu, nayatoa kama faili, nayafungua penginepo. Nikishindwa, naachana nayo.

Hatua ya 5: Wape wanafunzi watatu programu hiyo waijaribu kwa wiki mbili kabla ya darasa zima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa Likoni: Shikamoo mwalimu. Nyumbani tuna simu moja na watoto watatu.*
Marahaba mama. Kwenye Anki mfungulie kila mtoto fungu lake la kadi kwa jina lake. Takwimu za kila fungu huonekana peke yake.

*Wa Nyali: Nina iPhone, mbona wananitoza?*
Kwenye iPhone Anki hulipiwa. Tumia AnkiWeb kwenye kivinjari, ni bure, ila hapo utahitaji intaneti.

*Mwalimu wa Mtwapa: CBC, mtaala wa umilisi, inataka tuweke ushahidi wa kazi za mwanafunzi. Anki itatosha?*
Hapana, Anki ni ya kukumbuka. Miradi ipigwe picha zenye tarehe, ziwekwe Moodle au kwenye folda ya kila mtoto. Na mzazi akubali kwanza: Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa yake kwa taarifa za mtoto.

*Ustadhi wa Mji wa Kale: Inakubali herufi za Kiarabu?*
Naam ustadhi, na sauti pia. Mwanafunzi arekodi matamshi yake upande mmoja, wewe urekodi yako upande wa pili. Atasikia mwenyewe pale ح yake inapogeuka ه.