Jinsi ya kukagua kisima cha mafuta kilichozibwa karibu na kijiji chenu: mwongozo kwa wakazi wa Lamu

Kisima cha Dodori-1 kilichimbwa mwaka 1964. Pate-1 kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vyote viwili vilishuka zaidi ya mita 4,000, havikufikia kuzalisha mafuta wala gesi ya kuuza, na mitambo ikafunganywa ikaondoka. Huko baharini nako kuna visima vya Simba, Maridadi na Kofia. Nimefanya kazi ya usalama kwenye mitambo ya kuchimba kwa miaka mingi, na swali ninaloulizwa zaidi vijijini ni moja: je, kisima kile kiko salama? Jibu la kweli hutoka kwa mkaguzi wa serikali mwenye vipimo. Lakini mkaguzi hufika siku moja akaondoka, na ninyi ndio mnaoishi hapo. Mwongozo huu ni wa kuwafanya ninyi muwe mashahidi wanaoaminika.

Hatua ya 1: Kijue kisima chenu kwa jina

Kila kisima kina jina na nambari, na ofisi zote hukitafuta kwa jina hilo. "Kile kisima cha Wazungu nyuma ya minazi" hakimo katika faili yoyote. Waulizeni wazee waliofanya vibarua wakati wa uchimbaji, kisha mchukue mahali penyewe kwa simu yenye ramani na kuandika nambari za GPS. Mzee mmoja akikumbuka mwaka na njia ya lori, hiyo ni nusu ya kazi.

Hatua ya 2: Fahamu kilicho chini

Kisima cha mafuta si shimo tupu. Ndani yake kuna mabomba ya chuma yaliyopangwa moja ndani ya jingine, yanayoitwa kesingi, na kati ya kesingi na mwamba hujazwa saruji. Saruji hiyo ndiyo inayozuia gesi na maji ya chumvi ya chini yasipande hadi kwenye maji yenu ya kunywa. Kisima kinapoachwa, humwagwa vizibo vya saruji ndani kwa vina mbalimbali, na kila kizibo hupaswa kupimwa kwa presha au kwa kukikalia na uzito wa mabomba. Kisha chuma cha juu hukatwa na kufunikwa.

Neno la kulishika hapo ni *kupimwa*. Mwaka 2010, kwenye Ghuba ya Mexico, wataalamu wa kisima cha Macondo walifanya kipimo cha presha, wakakisoma vibaya, wakaamini saruji imeshika. Gesi ikapanda, mtambo ukalipuka, na watu 11 wakafa. Kwa hiyo mkiambiwa "kisima kimezibwa", ulizeni: kila kizibo kilipimwaje, na matokeo yaliandikwa wapi?

Hatua ya 3: Ombeni karatasi

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, nami nawasihi msikate. Nchini Kenya, visima husimamiwa chini ya Sheria ya Petroli ya 2019, na mdhibiti wake ni EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Mazingira ni ya NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira. Visima vya zamani vilichimbwa kabla EPRA haijaundwa, hivyo nakala ya barua ipelekeni pia kwenye wizara inayohusika na petroli.

Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili. Kuomba ni bure. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Asiyejua kuandika ana haki ya kusaidiwa na ofisa wa ofisi hiyo. Barua isiwe ndefu. Mimi huandika hivi:

*"Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, mimi raia wa Kenya naomba nakala za: (a) ripoti ya kuziba kisima fulani, (b) mchoro wa kesingi na saruji yake, (c) matokeo ya kupima kila kizibo, (d) ripoti za ukaguzi tangu kizibwe. Kijiji chetu kinachota maji ya kunywa karibu na kisima hiki."*

Ombeni karatasi kwa majina yake. Barua inayosema "tunataka habari zote za mafuta" ni rahisi kuiweka pembeni, lakini anayetajiwa mchoro wa kesingi hujua anaandikiwa na mtu anayeelewa. Hakikisheni nakala yenu imepigwa muhuri wenye tarehe, kwa sababu siku 21 za kujibiwa huhesabiwa tangu barua ilipopokewa. Habari inayogusa uhai wa mtu hutolewa ndani ya saa 48. Muda ukipita kimya, sheria inahesabu kuwa mmekataliwa, nanyi mnaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala ndani ya siku 30.

Hatua ya 4: Tembeleeni mahali penyewe

Nendeni angalau watu wawili, asubuhi kukiwa na mwanga. Simameni upande upepo unakotoka: wakati wa kusi ingieni kutoka kusini, wakati wa kaskazi kutoka kaskazini. Hakuna sigara, hakuna jiko, pikipiki iachwe mbali. Msiguse vali wala kukalia chuma chochote. Mkisikia harufu ya yai viza, ondokeni mara moja kuelekea upepo unakotoka. Gesi hiyo ni nzito, hujikusanya mabondeni, na ikizidi pua huacha kuinusa. Harufu ikikatika ghafla, msidhani hatari imekwisha.

Tafuteni duara la mimea iliyokauka ilhali ya jirani ni mibichi, sauti ya kufoka, mapovu kwenye dimbwi, chuma kilichopasuka, udongo uliotitia.

Sasa nitakaa kidogo kwenye jambo linalowakosesha wengi hapa kwetu. Tope la mikoko lenyewe hunuka yai viza, na mapovu hutoka humo kwa kawaida, kwa sababu majani huoza mahali pasipo na hewa. Kwa hiyo harufu na mapovu ya mikokoni peke yake si ushahidi. Linganisheni na mkoko mwingine ulio mbali na kisima, siku hiyo hiyo na maji yakiwa yametoka kiasi kile kile. Mapovu yanayotoka tundu moja bila kukoma, maji yajae au yatoke, ndiyo ya kuandikwa.

Utando wa rangi rangi juu ya maji nao una mtihani wake. Uguseni kwa kijiti. Utando wa mafuta huzunguka kisha hujiunga tena. Ukivunjika vipande kama kioo na vikabaki vimeachana, hao ni bakteria wa chuma, na hawana uhusiano na kisima. Niliwahi kuwaambia watu wa kijiji kimoja cha bara kwamba wana mafuta kwenye bwawa lao kabla sijafanya mtihani huu. Mkaguzi alifika, akachukua kijiti, utando ukavunjika vipande. Akina mama walikuwa wameacha kuchota hapo kwa wiki mbili, wakitembea mbali juani kwa sababu ya neno langu. Tangu hapo sisemi kitu kabla ya kijiti.

Hatua ya 5: Pimeni maji kabla ya shida

Kipimo kilichochukuliwa baada ya maji kuharibika hakithibitishi lolote peke yake, kwani visima vyetu vingi vya maji vina chumvi tangu zamani. Nunueni kipima chumvi kidogo cha mkononi, pimeni visima vile vile kila mwezi, na muandike kama ni bamvua au maji mafu, na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Maji ya jabia yasichanganywe kwenye daftari hilo, hayo ni ya mvua na hayatawaambia chochote. Sampuli ya kutafuta mafuta huwekwa kwenye chupa ya kioo, ijae hadi juu, ipoe kwenye barafu, na kila aliyeishika aandike jina na saa.

Hatua ya 6: Siku ya mkaguzi

Mpokeeni kwa heshima, mpeni maji, mumkabidhi nakala ya daftari kabla hajatembea. Kisha mchagueni mmoja wenu wa kuuliza. Kama kisima bado kina kichwa, yaani chuma cha juu chenye vali, na geji ya kusomea presha, swali kuu ni presha iliyo kati ya kesingi. Mkaguzi anaweza kuiachilia hadi sifuri, akafunga vali na kungoja, kwa kawaida saa 24. Presha ikirudi, kuna njia inayopitisha gesi chini, hata kama juu pametulia na hapanuki. Akitaka kuondoka baada ya kusoma sifuri mara moja, muombeni kwa upole aeleze atarudi lini kusoma tena.

Kama chuma kimekatwa na kufukiwa, muulizeni kama amebeba kifaa cha kupima methani. Gesi hiyo haina harufu, kwa hiyo pua ya mtu haitoshi. Huwaka inapokuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, nayo huweza kujaa kwenye choo au stoo iliyojengwa karibu. Kwa sababu hiyo hiyo msijenge juu ya kisima kilichofukiwa, hata kama kiwanja ni chenu kwa hati.

Asiondoke kabla hamjaandika jina la ofisi yake, tarehe, vipimo alivyosoma na namba ya ripoti.

Hatua ya 7: Mkipata tatizo

Andikeni EPRA na NEMA siku hiyo hiyo, nakala kwa chifu, ofisi ya mazingira ya kaunti na kamati yenu ya BMU (ya kusimamia ufuo na uvuvi) kama ni karibu na bahari. Wekeni picha zenye kitu cha kulinganishia ukubwa, hata kama ni kandambili. Ikibidi kwenda mbele, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko Malindi, na Kifungu cha 70 cha Katiba hakimtaki mlalamishi athibitishe kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Mtaulizwa nani atalipa ikiwa kampuni imeshaondoka. Marekani walifikia hapo na visima visivyo na mwenyewe, na mwaka 2021 serikali yao ikatenga dola bilioni 4.7 za kuviziba. Kwa visima vipya hapa kwetu, swali hilo liulizeni mapema, kwenye mkutano wa kwanza wa baraza kabla mtambo haujashushwa bandarini: mpango wa kukifunga uko wapi, na pesa zake zimewekwa wapi? Mwambieni karani aliandike kwenye kumbukumbu za mkutano, na mpige picha ukurasa huo.