Namna ya kuitambua Riccia kando ya majaruba

Riccia ni mmea mdogo bapa usio na maua, wa kundi liitwalo kwa Kiingereza liverwort. Subiri mvua za vuli zikolee, wiki tatu hivi. Kiangazi usijisumbue: Riccia nyingi hukauka zikajikunja, ukadhani ardhi ni tupu.

1. Inama. Huku Mwanza mimi huanzia kwenye kingo za majaruba ya mpunga, kisha vishimo vyenye udongo katikati ya majabali. Wengi huikanyaga wakidhani ni ukoga. Tafuta kiduara cha kijani kilicholala chapa juu ya tope, mara nyingi hakizidi upana wa sarafu.

2. Chunguza umbo. Haina shina wala majani. Mwili wote ni ukanda bapa unaogawanyika mara mbilimbili, kila ncha kama panda ya manati, na mgongoni kuna kijifereji.

3. Bandua kwa kisu pamoja na udongo wake. Chini ina nywele laini zinazoshika ardhi (si mizizi hasa), kwa hiyo ukiivuta kwa vidole utabaki na vipande. Ifunge kwenye gazeti. Niliwahi kuzifungia ndani ya kopo nikalisahau juani mpaka jioni. Nilichofungua kilikuwa uji wa kijani, na harufu yake sitaki kuikumbuka.

4. Sasa wembe na lenzi. Inayowachanganya watu ni Marchantia, jamaa yake mkubwa apendaye kuta na mitaro yenye kivuli. Huyo ana vikombe vidogo mgongoni, na akitaka kuzaa huchomoza vitu kama miavuli. Riccia haina kikombe wala mwavuli. Kifuko chake cha spora (chembe za uzazi) hakina hata kikonyo. Kimezama ndani ya mwili wenyewe. Kata ukanda kwa upana: juu kijani, chini hakuna rangi. Upande uliozeeka utaona vidoa vyeusi. Hizo ni spora zilizokomaa, na hakuna kinachozirusha. Zinangoja mwili uoze, zidondoke kwenye udongo uleule, ndiyo maana msimu ujao ninarudi ukingo uleule.

5. Usikimbilie jina la spishi. Ziko zaidi ya 100, nyingine kama Riccia fluitans huelea majini, na nyingi hutofautishwa kwa michoro ya spora zake chini ya hadubini. Kwenye bahasha andika tu Riccia, mahali, tarehe, na aina ya udongo.