Kuomba ruzuku ya mradi wa jamii: anza na bajeti, maneno yatafuata

Vikundi vingi vinakosa ruzuku na wala sio kwamba wazo ni baya, wazo mara nyingi ni zuri kabisa, shida ni kwamba watu wanajaza kurasa za changamoto na umaskini halafu bajeti inatengenezwa usiku wa mwisho na mtu mmoja aliyebaki na laptopu. Nashauri mgeuze. Bajeti kwanza.

Ila hata kabla ya bajeti hakikisheni mnamwomba mfadhili anayewafaa, maana hapa ndo muda unapotea kweli kweli. Soma mwongozo wake wote, hasa ile sehemu ya vitu wasivyolipia. Mfano Japani wana ruzuku za miradi midogo zinazopitia balozi zao, wanajenga madarasa, wanachimba visima, wananunua vifaa, lakini mishahara na gharama za kuendesha ofisi hawagusi, sasa ukipeleka mradi ambao nusu yake ni mishahara umejichosha bure. Global Grant, ruzuku kubwa ya Rotary (mtandao wa klabu za watu wanaojitolea), bajeti yake inaanzia dola 30,000 na lazima klabu za Rotary zenyewe ziwe ndani, kwa hiyo kikundi kinachotafuta dola 3,000 hapo sio kwenu. Kuna na GEF Small Grants Programme, ruzuku ndogo za mfuko wa mazingira wa dunia (GEF), iliyoanza 1992 chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, hii ni ya mazingira, na uzuri wake maombi yanaamuliwa na kamati ya nchi husika, yaani watu wanaojua hali yenu. Ukiona haufiti achana nayo, usiukunje mradi wako ufanane na mfadhili kwa sababu mkipata hela mtalazimika kuutekeleza huo uliokunjwa.

Makaratasi ni haya haya karibu kila mahali: cheti cha usajili, katiba, akaunti ya benki kwa jina la kikundi yenye watia saini wawili au zaidi, taarifa ya fedha ya mwaka uliopita. Hamjasajiliwa? Tafuteni asasi iliyosajiliwa iwapokelee fedha kwa niaba yenu, wafadhili wengi wanakubali, ila muandikiane kabisa nani anaidhinisha malipo, asasi inakata asilimia ngapi na ripoti anaandika nani, tena muandikiane kabla hela haijaingia.

Haya bajeti sasa. Kaeni kikundi kizima, orodhesheni shughuli moja moja, na kila shughuli iulizeni watu wangapi, siku ngapi, mara ngapi, kimoja bei gani. Mstari ulioandikwa "mafunzo, jumla" unamwambia msomaji kwamba hamjafikiria. Andika washiriki 30, siku 3, chakula, nauli, ukumbi, mwezeshaji 1, kila kimoja na bei yake, na bei msizikisie, ombeni proforma, yaani karatasi ya bei, kwa wauzaji wawili watatu. Ukimaliza mpe bajeti peke yake mtu ambaye hayupo kwenye mradi, asome, akuelezee mradi unafanya nini. Akishindwa bajeti haijakaa sawa, na akikuta kitu ambacho hakipo kwenye shughuli, mfano pikipiki iliyotokea tu, mkaguzi wa mfadhili naye ataiona.

Halafu kuna hili linaniuma, vikundi vinaficha gharama za uendeshaji vikidhani vitaonekana vya bei nafuu. Umeme, kodi ya ofisi, mhasibu, intaneti, hizo mtazilipa na nini? Umoja wa Ulaya wanakubali gharama hizi hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja za mradi, yaani za shughuli zenyewe, na serikali ya Marekani kuanzia Oktoba 2024 ilipandisha kiwango cha kawaida kutoka asilimia 10 hadi 15 kwa ruzuku zake, kwa asasi zisizo na kiwango maalum walichokubaliana nayo. Hamuombi hisani hapo, ni gharama halali, ziwekeni kwa kiwango ambacho mwongozo unaruhusu.

Mchango wenu pia uwekeni kwenye bajeti, nguvu kazi, ukumbi, kiwanja, vithamanisheni kwa bei ya kawaida ya eneo lenu na mtunze karatasi za mahudhurio maana mtaulizwa.

Baada ya hapo maneno yanakuja yenyewe. Tatizo lielezeni kwa hesabu mliyoifanya wenyewe, na acheni "kuwajengea uwezo wanajamii", semeni nani atafanya nini ambacho leo hawezi na mtajuaje kwamba ameweza. "Watoto 80 wawe na sehemu yenye taa ya kusomea jioni" inaeleweka na inahesabika. Kwenye fomu zenye kikomo cha maneno jibu swali lililoulizwa tu, usibandike andiko la mwaka jana.

Kutuma: angalia dedilaini ni saa ya nchi gani, tuma angalau siku mbili kabla maana siku ya mwisho mifumo inaelemewa, na kama kuna kipindi cha kuuliza maswali ulizeni.

Mkikataliwa andikeni imeili ya heshima kuomba maoni, sio wote wanajibu ila wanaojibu wanasaidia sana round ijayo. Mkipata, msianze kununua siku ile ile, someni mkataba kwanza kwa sababu matumizi ya kabla ya tarehe ya kuanza kwa kawaida hayalipwi, na mkitaka kuhamisha hela kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine angalieni mkataba unaruhusu kiasi gani, zaidi ya hapo ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuhamisha, maana matumizi wakiyakataa kwenye ukaguzi mtatakiwa mrudishe hela, na hapo huwa imeshatumika.