Kusimba mahudhurio ya kliniki baada ya jeraha la risasi

Aliyepigwa risasi hamalizani na hospitali siku ile ile. Atarudi kutolewa nyuzi, atarudi kupigwa eksirei, na pengine baada ya mwaka atarudi akiburuta mguu. Kila anaporudi kuna msimbo wa kuandika, yaani alama ya herufi na tarakimu inayotaja jeraha au chanzo chake, na hapo ndipo wengi tunapokosea. Ninawaandikia wenzangu mnaoanza kazi ya usimbaji Marekani, ambako ICD-10-CM, mfumo wa misimbo ya magonjwa na majeraha, inatumika tangu Oktoba 1, 2015.

Tuseme kijana alipigwa risasi na mtu, paja la kulia. Mfupa ulivunjika vipande vipande ukasogea, akawekewa chuma. Leo ni wiki ya sita, mfupa unaunga vizuri, na daktari ameandika kwamba vipande vya risasi vimebaki ndani.

Hatua ya 1: Jua nani alifyatua, na kwa nia gani. Fanya hivi kabla ya kufungua orodha ya misimbo. Ajali ni W32 hadi W34, kujidhuru ni X72 hadi X74, kushambuliwa ni X93 hadi X95, na risasi ya askari aliye kazini iko chini ya Y35.0. Kanuni inasema nia isipoandikwa, isimbwe kama ajali. Y22 hadi Y24 ni za pale tu daktari alipoandika kwamba nia haiwezi kubainika. Kwa hiyo daktari akinyamaza, shambulio linageuka ajali kwenye takwimu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipokea faili lililoandikwa “jeraha la risasi, paja” basi. Nikaweka W34.00. Siku chache baadaye nikasoma maelezo ya muuguzi wa mapokezi: kijana alikuwa amesimama kituo cha basi, gari likapita, wakafyatua. Maelezo yalikuwemo humo humo, ukurasa wa nne. Tangu siku hiyo nasoma faili lote, na nikikuta utata namwandikia daktari kumuuliza. Sikisii, wala simbebeshi mgonjwa ajali ambayo haikutokea.

Kwa kijana wetu, aina ya bunduki haijulikani: X95.9.

Hatua ya 2: Herufi ya saba. Herufi hii, ya mwisho kwenye msimbo, huonyesha mgonjwa yuko hatua gani ya tiba. A haina maana ya “mara ya kwanza kuonwa”. Ni ya kipindi chote cha tiba yenyewe, hata akirudishwa chumba cha upasuaji wiki ya pili. Tiba ikiisha na mwili ukawa unapona, ni D. Lakini mifupa ina herufi zake. Mfupa uliovunjwa na risasi unahesabiwa kuwa uliovunjika na kidonda wazi, na ukiunga vizuri fupa la paja hupewa E kwa aina ya I au II, F kwa aina ya III (aina ni ukali wa kidonda anaouandika daktari, I ikiwa nyepesi kuliko zote). Ukichelewa kuunga ni H au J. Usipounga kabisa, M au N. Kijana wetu ni aina ya I, kwa hiyo fupa lake la paja la kulia ni S72.351E. Msimbo wa chanzo, ule wa Hatua ya 1, hauna E, kwa hiyo unabaki na D: X95.9XXD (X mbili zinajaza nafasi tu ili D iwe ya saba).

Hatua ya 3: Usitumie misimbo ya Z ya uangalizi baada ya tiba. Kwa majeraha hairuhusiwi. Msimbo wa jeraha wenye herufi ya saba ndio unaofanya kazi hiyo. Z18.10, ya vipande vya metali vilivyobaki mwilini, ni jambo jingine, na hiyo iweke.

Usiipuuze. Lugha yetu inaita kinachotoka kwenye bunduki na madini yake (lead kwa Kiingereza) kwa jina moja, risasi, na madini hayo ni sumu. Kipande kilicho kwenye msuli mara nyingi hutulia, lakini kilicho ndani ya kiungo, kikiogelea kwenye ute wake, huyeyuka polepole na kuingia damuni. Mgonjwa wa namna hiyo akilalamika tumbo, uchovu au kuishiwa damu, daktari anahitaji kupima kiwango cha risasi kwenye damu. Z18 ikiwa kwenye faili, atakayemwona miaka 5 baadaye atajua pa kuanzia, na wa MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, naye atajua kuna metali.

Hatua ya 4: Madhara yaliyobaki. Mfano ni mguu kuning’inia kwa sababu neva ya nyonga ilijeruhiwa. Tatizo la leo linatangulia, M21.371, kisha jeraha la asili na herufi ya saba S, ya madhara yaliyobaki: S74.01XS, halafu X95.9XXS. S hiyo haibandikwi kwenye M21.

Hatua ya 5: Panga. Msimbo wa chanzo haukai nafasi ya kwanza kamwe. Mahali pa tukio, Y92, huandikwa mara moja tu, hudhurio la mwanzo. Faili la kijana wetu leo linasomeka: S72.351E, X95.9XXD, Z18.10. Na kama daktari ameandika kwamba kijana hapati usingizi na anashtuka kila gari linapopunguza mwendo karibu naye, muulize kama kuna utambuzi wa kuongeza kabla hujafunga faili.