Kulipia chuo cha praivet Marekani kwa GI Bill: piga hesabu kabla hujakubali nafasi

Hii ni kwa ndugu zetu wa diaspora waliotumikia jeshi la Marekani, maana wengi wameambiwa GI Bill (msaada wa serikali ya Marekani wa kusomesha waliotumikia jeshi) "inalipa kila kitu". Chuo cha serikali sawa, ukiwa na asilimia 100 ya msaada inamaliza ada yote ya mkazi wa jimbo. Praivet ina kikomo, na hapo ndo watu wanaumia.

Hatua ya 1: jua asilimia yako. Ukitumikia miezi 36 ya muda wote baada ya tarehe 10 Septemba 2001 unapata 100, ukiwa na pungufu asilimia inashuka. Nyie wa rizavu na gadi (askari wa akiba) angalieni vizuri, zile wikendi za mazoezi hazihesabiki, hata kama umeenda miaka sita mfululizo. Omba VA.gov, tovuti ya VA (idara ya serikali inayoshughulikia waliotumikia jeshi), kwa fomu 22-1990, ni bure, anayekudai hela akujazie achana naye. Watakutumia barua inayoonyesha asilimia yako na miezi ya masomo utakayolipiwa, kawaida ni 36, itunze vizuri.

Hatua ya 2: tafuta pengo. Mwaka wa masomo 2024-25 kikomo cha praivet kilikuwa dola 28,937.09 na kinabadilika kila Agosti mosi, kwa hiyo cheki cha mwaka wako. Chukua mfano chuo kinadai 48,000, toa hicho kikomo, zinabaki dola 19,062.91, na hilo ni deni lako wewe sio la VA.

Hatua ya 3: Yellow Ribbon. Huu mpango ndo unaziba pengo: chuo kinachangia kiasi na VA inaongeza kiasi hichohicho. Chuo kikitoa 9,000 na VA nayo inatoa 9,000, kwenye mfano wetu unabaki na elfu moja na kidogo. Ila lazima uwe na asilimia 100, mwenye 90 hapati hata senti, na chuo hakilazimishwi kujiunga.

Sasa usiridhike na tovuti kuandika "tunashiriki Yellow Ribbon". Piga simu umtafute yule afisa wa chuo anayepeleka majina ya wanafunzi VA, muulize: mnachangia dola ngapi kwa kozi YANGU (maana shule ya sheria na digrii ya kwanza zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani ya chuo kimoja), nafasi ni ngapi, zimebaki ngapi, na nikipata mwaka huu mwakani naendelea nayo? Akikujibu kwa simu mwombe aandike kwenye imeili. Vingine vina nafasi bila kikomo, vingine vina chache tu na anayewahi ndo anapata, kwa hiyo peleka ile barua yako ya VA mapema.

Hatua ya 4: jaza FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa serikali wa masomo) hata kama umelipiwa. Watu wanapuuza hii sijui kwa nini. Pell Grant, msaada wa serikali usiorudishwa kwa wenye kipato kidogo, unaipata juu ya GI Bill na VA haiigusi. Lakini skolashipu iliyoandikwa ni ya ada tu, VA inaitoa kwenye bili kwanza ndo ilipe iliyobaki, so kama Yellow Ribbon imeshafunika ada yote omba chuo wakupe ambayo haijafungwa kwenye ada, utanunulia chakula.

Hatua ya 5: posho ya nyumba. Inafuata zipu kodi (namba ya posta) ya kampasi, kiwango cha sajenti E-5 mwenye familia, na lazima usome zaidi ya nusu ya mzigo kamili. Ukisoma onlaini tupu unapata nusu ya wastani wa nchi, ndo maana wajanja wanaweka hata somo moja la darasani. Ukiwa bado jeshini posho hii huna, na likizo kati ya semesta hailipwi, weka akiba ya kodi ya Desemba. Vitabu ni hadi dola 1,000 kwa mwaka.

Kila mwisho wa mwezi thibitisha VA kwamba bado unasoma, meseji yao ikija jibu hapohapo la sivyo posho inasimama. Na kabla hujadrop somo ongea na yule afisa kwanza, kwa sababu VA inaweza kukudai hela wewe.